Wimbo wa Milango Miwili

Niliisikia tarumbeta kabla sijaiona bendi, kabla sijauona ukumbi, kabla hata sijauona vizuri mkono wangu mwenyewe. Ukungu wa Rungwe hauna adabu. Unaingia ndani ya koti bila kubisha hodi. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori la majani ya chai upande wa Lufingo, nimebeba amplifaya mgongoni kama mama aliyebeba mtoto, na mbele yangu palikuwa peupe tupu. Ndipo noti moja ikatoka kule juu, ndefu, iliyonyooka, isiyotetemeka. Nikaifuata. Nilipopotea kwenye migomba ikapigwa tena, nikarudi njiani. Hivyo ndivyo nilivyofika kazini siku yangu ya kwanza, nikiongozwa na sikio kama ng'ombe anavyoongozwa na kamba.

Mpigaji alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi wa kitongoji cha Isyeto, mzee mrefu aliyevaa koti la suti na mabuti ya mvua.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nampigia noti hii kila mgeni anayepanda. Asiyeweza kuifuata hatufai. Ingia, utue huyo mtoto wako."

Huyo alikuwa Kiongozi wa Bendi. Alikuwa na jina lake, lakini katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwita kwa jina hilo, na leo sitaanza.

Mimi ni mtu wa Tukuyu mjini. Babu yangu alikuja kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, akaoa, akabaki. Baba alikuwa na benchi la kutengeneza redio karibu na soko, na hapo ndipo nilipojifunzia kushika chuma cha kuunganishia nyaya kwa risasi. Kinyakyusa changu kilikuwa cha sokoni, cha kusalimia na kupatana bei. Mambo ya ndani ya nyumba za watu niliyajua kijuujuu tu. Nalisema hilo mapema kwa sababu ninayoyasimulia ni ya ndani ya nyumba.

Kazi yangu iliitwa fundi mitambo. Ninyi mnaopiga muziki kutoka kwenye simu mfukoni, nisikilizeni kidogo. Adui yetu wa kwanza alikuwa unyevu. Spika ina karatasi iliyokunjwa kama faneli, na karatasi hiyo ikinywa ukungu, sauti inatoka nzito kama ya mtu mwenye mafua. Kwa hiyo kabla ya kila onyesho niliwasha taa ya chemli nikaziotesha spika zangu moto, kwa zamu, kama watoto walionyeshewa. Ndani ya sanduku la amplifaya niliweka kifuko cha mkaa mkavu, maana mkaa hunyonya maji. Kipaza sauti nilikivika soksi ya mtoto. Umeme ulikuwa wa betri za lori, nami nilizipenda betri hizo kuliko viatu vyangu.

Adui wa pili ni ule mluzi. Kipaza sauti kikielekezwa kwenye spika, kinaisikia sauti yake yenyewe, kinairudisha, inarudi tena, mpaka mtambo mzima unapiga kelele ya kupasua masikio. Siku ya kwanza ukapiga. Wachezaji waliziba masikio, nami nikakimbilia kupunguza sauti.

"Acha hicho kitufe," Kiongozi akasema. "Kazi yako si kupunguza wala kuongeza. Kazi yako ni kujua nani asimame wapi. Spika na kipaza sauti ni mtu na mkwewe, Fundi. Wakae mji mmoja, wale chungu kimoja, lakini wasitazamane."

Mpiga ngoma wetu, Mzee Gwakisa, mtu mfupi mwenye kicheko kikubwa kuliko ngoma yake, alicheka akaangusha kijiti. "Mfundishe polepole, Kiongozi. Hawa Waswahili wanakula sahani moja na wakwe zao."

Nilicheka nao bila kuelewa.

Bendi ilikuwa mtoto wa chama cha ushirika. Ushirika ulinunua kahawa ya wakulima, ukanunua na tarumbeta, gitaa na ngoma, na wakati wa mavuno tulizunguka: Lufingo, Masoko, Matwebe, mpaka mjini. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wakapanda vilimani na malori yao na mizani yao, na ushirika ukaanza kukonda kama ng'ombe wa kiangazi. Baa za Tukuyu zikanunua redio kaseti kubwa kubwa zenye taa, na redio haili wala haiombi nauli. Mwimbaji wetu akaenda Dar es Salaam. Mpiga gitaa, Ambakisye, mtoto wa pekee wa Kiongozi, akalitundika gitaa ukutani akaenda Chunya kuchimba dhahabu. Alimwacha mke wake kijana, Tumpe, kwenye mji wa Kiongozi. Aliahidi kurudi upesi. Chunya ina watu wengi walioahidi hivyo.

Tukabaki na tarumbeta na ngoma na mimi.

Mwaka huo mvua ilinyesha mpaka watu wakaacha kuizungumzia. Jumamosi moja tulipiga kwenye harusi huko chini, makao ya kata, na Isyeto nzima ilikuwa imeshuka kucheza, kwa kuwa bibi harusi alikuwa binti wa kwetu. Hata wagonjwa walibebwa. Katikati ya wimbo Kiongozi akainua mkono, akashusha tarumbeta kwa hasira.

"Gwakisa! Unapiga nini wewe? Nani anapiga nje ya mdundo?"

Mzee Gwakisa alikuwa ameshika vijiti vyake hewani. "Si mimi," akasema. "Mimi nimesimama."

Lakini mdundo uliendelea. Ulitoka chini ya miguu yetu, ukapanda kwenye magoti, na maji ya kwenye ndoo yakatetemeka. Tulitoka nje. Ubavu wa mlima juu ya Isyeto ulikuwa unateremka, polepole kwanza, kama mtu anayevua shuka, halafu kwa haraka. Nyumba, migomba, mikahawa na mazizi, vyote vikaenda mtoni. Ukungu ukafunga, kama vile mtu amevuta pazia.

Tulihesabiana pale pale kwa majina, tukilia na kuitana. Hakuna jina lililokosa kuitikiwa. Mpaka leo nikisikia mtu analalamika kwamba harusi zina kelele, huwa nanyamaza tu.

Tukapelekwa Tukuyu, kwenye ghala la kahawa la ushirika, ambalo siku hizo lilikuwa tupu. Ghala lilikuwa na mlango mkubwa mbele, wa malori, na mlango mdogo nyuma, wa makarani. Familia zikagawana sakafu kwa mikeka na magunia yaliyotundikwa. Bendi ilikuwa na vyombo vyake vyote, kwa kuwa vilikuwa harusini. Tulikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kurudi.

Hapo ndipo nilipoelewa mfano wa spika na kipaza sauti.

Kwa Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawakai pamoja, hawasemezani, hawapishani njiani. Mmoja akisikia mwingine anakuja, huyu anachepuka migombani, yule anageuza uso. Mgeni anaweza kudhani ni uadui, kumbe ni heshima, na heshima hiyo inahitaji nafasi: inahitaji njia mbili, vichaka, nyumba zilizoachana. Ghalani hapakuwa na kichaka. Kiongozi alihamia kulala stoo ya kanisa, lakini mchana kutwa mke wake, Mama Ambakisye, na watu wake wote na vyombo vyake vilikuwa ghalani, na Tumpe naye alikuwa humo. Siku za kwanza yule binti alitembea amejifunika kanga mpaka machoni, akajikwaa kwenye masufuria ya watu. Kiongozi akaacha kuja kula.

Asubuhi moja tukasikia noti, ile ile iliyonipandisha mlimani. Kiongozi alikuwa nje, nyuma ya ghala, anapiga kuuliza njia. Kwenye bomba la maji la upande wa mbele sauti ya mwanamke ikajibu. Tumpe hakumjibu yeye, Mungu apishe mbali. Alijiimbia tu, kama mtu anayefua nguo zake:

"Niko bombani, niko bombani, nafua, niko bombani."

Kiongozi akaingia kwa mlango wa nyuma, akala uji wake, akatoka. Tangu siku hiyo wakaishi hivyo. Noti ndefu: napita. Jibu: niko jikoni, nasonga, niko jua lilipo, naanika, niko sokoni, nauza ndizi. Wakati mwingine jibu lilitoka mbali sana, linaelea juu ya mabati, nasi tuliokuwa ndani tulinyamaza kulisikiliza. Ilikuwa sauti isiyo na haraka, yenye mchanga kidogo chini yake. Tulisahau kwamba hayo hayakuwa maonyesho.

Kisha Katibu Tarafa akaja, mtu mpole aliyezoea kubeba habari za wengine.

"Wazee wangu, ghala limepata mpangaji. Ni mtu binafsi, ataweka mitumba. Siwezi kumkatalia." Akakohoa. "Lakini wataalamu wamepima ule mgongo wa juu, penye ukumbi wenu. Wanasema udongo wa pale umekaa juu ya mwamba. Mnaweza kujenga. Mabati yatapatikana. Ila njia imekatika, na kaya mbili tatu haziwezi kuichonga. Ama mpande wote, ama mtawanyike kwa ndugu zenu."

"Mlima ulioshuka mara moja umeshajua njia," Mzee Gwakisa akasema, na safari hii hakucheka. Wengi waliitikia kwa kichwa.

Wakaanza kutaja ndugu: huyu ana shangazi Mbeya, yule ana kaka Usangu. Jioni nilimkuta Tumpe bombani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndoo ya maji haijajaa.

"Wewe utakwenda wapi, dada?"

"Mama anasema nirudi Masoko kwetu, nisubiri." Akafunga bomba. "Kaka Fundi, Ambakisye akishuka kutoka Chunya atapanda Isyeto. Ndiko anakokujua. Akikuta ukungu tu, hakuna mtu wa kumwambia mkeo yuko pale, atafanya nini? Atadhani tulikwenda na mlima. Atageuka arudi zake."

Hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani. Watu wakitawanyika hapakuwa tena na Isyeto, na mtu anayerudi Isyeto angekuwa anarudi mahali ambapo hapapo.

Kiongozi hakuwa mtu wa hotuba. "Bila wimbo hawapandi," aliniambia, akajifungia stoo ya kanisa. Akatoka na wimbo wa kurudi nyumbani, mzito, wa kishujaa. Tukaupiga mbele ya ghala, mitambo yote imewashwa. Wanawake wakalia. Wazee wakavua kofia. Wimbo ulipokwisha, hakuna aliyefunga hata kifurushi.

"Kiongozi," Gwakisa akasema polepole, "huo ni wa kuzika."

Kiongozi aliifuta tarumbeta yake kwa muda mrefu. Kisha akanivuta kando. "Fundi. Yule... yule aliye bombani."

"Yupi, mzee?"

"Usinitese. Yule aliye bombani. Watu wakimsikia wanaacha kutafuna. Mwulize kama anaweza kujibu noti yangu mbele ya watu. Usimwambie ni mimi niliyesema."

Nikaenda. Tumpe alisikiliza, akacheka ndani ya kanga.

"Mwambie mwenye tarumbeta, na usimwambie ni mimi, kwamba akishusha noti ya pili anakawia. Najibu, naye bado yuko njiani."

Nikarudi na salamu hizo. Kiongozi alitoa macho. "Nakawia? Mimi? Nimepiga kanisani tangu mama yake hajabatizwa!" Akazunguka ghala mara nzima, akarudi. "Mwambie nitarekebisha."

Wazee walipopata habari, ukazuka ubishi mlango wa nyuma. Gwakisa alikuwa mkali. "Mkwe amwimbie mkwewe hadharani? Basi siku hizi soko huria limefika mpaka kwenye ukwe!"

"Hamwimbii," Mama Ambakisye akasema. Alikuwa anamenya ndizi na hakuinua uso. "Anafua. Huyu anapita. Kama wewe unasikia wimbo ni masikio yako."

"Na ile mitambo ya Fundi je? Sauti ikipita kwenye waya ikatoka kwenye spika, mbele ya uso wa baba mkwe, hiyo ni nini? Amekutana naye au hajakutana naye?"

Wote wakanigeukia, kana kwamba jambo hilo hufundishwa kwenye benchi la redio. Nikasema ukweli: sikujua. Nilijaribu hata hivyo. Nilimweka Tumpe kwenye chumba cha mizani, upande wa mbele, penye ukuta wa matofali, na kipaza sauti chake, Kiongozi nikamweka nyuma ya ghala, spika katikati. Mtambo ukapiga mluzi. Nikageuza spika, ukapiga. Nikavuta waya, ukapiga. Kiongozi akapiga kelele kutoka nyuma ya ukuta:

"Zima, Fundi! Zima yote! Nilikwambia nini siku ya kwanza?"

Nikazima. Na katika ule ukimya, bila waya wala betri, noti ikatoka nyuma, jibu likatoka mbele, na ghala lenyewe, lenye paa la bati na milango miwili, likawa chombo. Kazi yangu ilikuwa kujua nani asimame wapi. Nilikuwa nimewasimamisha vizuri. Kilichobaki kilikuwa kuondoka katikati.

Jumapili baada ya ibada watu wote walisimama ndani. Noti. Niko bombani. Ngoma ya Gwakisa ikaanza chini chini, mkaidi yule, akijifanya anajaribu ngozi. Noti. Niko jikoni. Noti. Niko jua lilipo, naanika, na kila jibu lilitoka pale pale lilipotaja. Watu wakaanza kuitikia, kuyumba, kuchekeana; walikuwa wanaimbiwa siku zao wenyewe. Wimbo ukapanda, ukapanda, na kila mtu aliijua beti inayofuata, maana ilikuwa moja tu iliyobaki. Kiongozi akapiga noti ndefu kuliko zote.

Jibu halikuja.

Akapiga tena. Kimya. Nikakimbilia mlango wa mbele. Tumpe alikuwa amerudi bombani, mdomo umefungwa.

"Dada, imba! Niko nyumbani! Wanangoja!"

"Siko nyumbani," akasema.

"Ni wimbo tu!"

"Si wimbo tu, kaka. Mimi nikisema niko mahali, Baba anapita pengine. Sijawahi kumdanganya hata siku moja. Nikisema niko nyumbani nami niko kwenye bomba la ghala, basi hata yale ya jana yatakuwa uongo." Akaokota ndoo yake. "Anayetaka kusikia hiyo apande. Nitaiimba huko."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, lakini mlango ulikuwa wazi na ghala zima lilikuwa limenyamaza. Kiongozi naye alisikia kutoka nyuma. Nasikia alikaa chini kwenye nyasi, akacheka mpaka akakohoa.

Mama Ambakisye ndiye aliyeanza. Alifungua kamba ya gunia lililokuwa ukuta wa chumba chake, akalikunja. Mwanamke wa jirani akamtazama, akafungua la kwake. Kuta za ghala zikashuka moja moja mpaka tukaonana wote.

Tulipanda siku iliyofuata, na majembe. Kiongozi alitangulia, mbele kabisa, kwa sababu yeye ndiye tarumbeta. Tumpe alifunga mwisho, nyuma kabisa, nyuma ya wazee na mbuzi, kwa sababu ndivyo heshima ilivyotaka. Isyeto yote ilikuwa katikati yao. Nami nilikuwa humo na betri yangu kichwani, fundi mitambo asiye na mtambo. Noti ilitoka mbele kwenye ukungu, jibu lilitoka nyuma kwenye ukungu: niko Lufingo, niko mtoni, niko konani, matope. Penye njia iliyokatika tulichonga, na waliokuwa wanaogopa hawakuweza kusimama, maana aliyesimama alimzuia Tumpe kufika na aliyegeuka nyuma angepishana na wimbo uso kwa uso. Penye ule ubavu uliovuliwa shuka tulipita tumeshikana mikono. Jibu tu lilikuja kutoka nyuma, jepesi, la mtu anayejua anakokanyaga: "Niko hapa, niko hapa, napita."

Ukumbi ulikuwepo. Mlango wake ulikuwa umefungwa kama tulivyouacha. Watu wakafika, wakatua mizigo, lakini hawakuketi. Kiongozi akatazama nyuma, akaona safu inakwisha, akachepuka nyuma ya ukumbi. Kutoka huko akapiga noti yake.

Tukangoja. Ukungu ulikuwa unadondoka kwenye majani. Gwakisa alikuwa ameuma kofia yake. Kisha kanga ikatokea kwenye weupe, na ndoo kichwani, na yule binti akapanda hatua ya mwisho, akaweka ndoo chini, akavuta pumzi.

"Niko nyumbani," akaimba. "Niko nyumbani."

Hakumaliza. Watu waliketi kwenye matope na nguo zao za safari, wakacheka kama walevi. Gwakisa alipiga ngoma huku machozi yakimshuka mpaka kidevuni, akawa anasema, "Ndaga fijo, ndaga fijo," ahsante sana, ahsante sana, kwa nani sijui. Nami nilitua betri, na shingo yangu ikawa nyepesi kuliko ilivyowahi kuwa.

Kiongozi alijenga nyumba ya kwanza kwenye mgongo ule, ya matofali mabichi, na alimwagiza mwashi aweke milango miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, uso kwa uso. Mwashi alisema upepo utapita. Kiongozi akasema, "Ndiyo, na mimi nitapita."

Katika nyumba hiyo nilirekodi wimbo. Nilikuwa na redio kaseti moja na kipaza sauti kimoja. Nilikitundika katikati ya nyumba tupu, nikafungua milango yote miwili. Tarumbeta nje ya nyuma, sauti nje ya mbele. Kaseti ile niliipeleka Tukuyu, wafanyabiashara wakainakili bila kuniuliza, wakainakili zile nakala, na kwa mara ya kwanza nilizibariki zile mashine za baa zenye taa. Maana msimu uliofuata mtu alipanda Isyeto amekonda, vumbi la Chunya kwenye nyusi. Alikuwa amesikia uvumi kwamba mlima uliwafunika wote, akaacha hata kuuliza. Halafu kwenye kibanda cha kuuzia chai, huko machimboni, akasikia tarumbeta ya baba yake, na mke wake akijibu alipo.

Ambakisye alisema hakumalizia ile chai.

Tuliendelea kupiga miaka mingi, kwenye harusi na mavuno, na baadaye kanisani, ambako Mchungaji alinipa kazi ya kutunza mitambo mipya isiyohitaji chemli. Nimestaafu. Masikio yangu yamechoka, la kulia limechoka zaidi. Vijana wananiuliza siri ya sauti safi, nami nawaambia waachane kwanza na vitufe. Wajue nani asimame wapi. Nafasi kati ya watu nayo ni chombo, na inaweza kupigwa vizuri au vibaya. Wengi wanatabasamu, wanarudi kwenye vitufe. Si kitu. Nami nilitabasamu.

Siku niliyokwenda kumuaga Kiongozi baada ya kustaafu tulikaa kwenye nyumba ile ya milango miwili, tunakunywa chai. Alikuwa mzee sana, meno ya mbele hayapo, na tarumbeta ilikuwa imetundikwa ukutani kando ya gitaa la mwanawe. Tulizungumza juu ya unyevu. Mara akainua kidole.

Mimi sikusikia kitu. Ilinichukua muda, kwa sikio langu hili. Kisha ikanifikia kutoka kwenye migomba, sauti yenye mchanga zaidi sasa, lakini isiyo na haraka vile vile: niko njiani, nina ndizi za Mama, niko njiani, niko mlangoni.

"Utanisamehe, Fundi," akasema.

Akatafuta fimbo yake, akasimama kwa awamu. Alikunja midomo yake isiyo na meno akapuliza ile noti, hewa tupu, ndefu, iliyonyooka. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akauvuta taratibu mpaka ukafungika.